Kigoga cha Winfrida

Simu ya Filbert ilimkuta Winfrida sokoni Kiboriloni, siku ya Jumatano, mikono imejaa utomvu wa ndizi. Alipoisikia ile sauti alidhani kuna mtu anamfanyia mzaha. Miaka sita! Miaka sita huyu mtu hajatuma hata salamu, leo anapiga na kuanza na "dada yangu Winfrida, habari za siku nyingi," sauti laini utadhani imepakwa siagi.

"Nzuri, Daktari," Winfrida akajibu. "Watoto hawajambo?"

Hakutukana. Hilo lilimshangaza hata yeye mwenyewe. Matusi ya mtu huyu alikuwa ameyaandaa siku nyingi, ameyapanga kifuani, linaloanza na linalofuata, na siku ya kuyatoa imefika yeye anauliza habari za watoto. Lakini ngoja. Mwenye hasira ya siku moja hupiga kelele. Mwenye hasira ya miaka sita husikiliza kwanza.

Filbert akaeleza shida yake. Jumamosi anakuja na mtaalamu kutoka Dar es Salaam, Daktari Pamela, na huyo mama hataki picha wala maneno. Anataka kukiona kile kigoga cha korongoni kikiwa hai, pale pale kinapoota. "Na pale, dada yangu," Filbert akasema, "unapajua wewe peke yako."

"Ni kweli. Njooni tu. Nitawapeleka."

Alipokata simu, Aikande, jirani yake wa meza ya maparachichi, akamuuliza ni nani huyo aliyemfanya atabasamu hivyo.

"Mbuzi," Winfrida akasema. "Amejileta mwenyewe kwa mchinjaji."

Sasa mjue huyu Winfrida alikuwa nani kabla ya kuuza ndizi. Alikuwa mkusanya vigoga. Vigoga ni ule ujani laini unaovaa magogo na mawe msituni, ambao wewe na mimi tunaukanyaga tukienda zetu. Vingine husimama kama vimiti vya watoto kuchezea, vingine hulala bapa juu ya jiwe, na ukiweka lenzi jichoni unakuta kila kimoja kina sura yake na mahali pake. Kuna cha mita elfu mbili ambacho hukikuti mita mia mbili juu yake, hata ukitafuta mpaka magoti yaote sugu. Miaka kumi na moja Winfrida alipanda kutoka kwao Kilema mpaka kwenye msitu wa ukungu, lenzi shingoni, kisu mfukoni. Alipiga magoti kwenye tope, akakata kipande, akakitia kwenye bahasha ya gazeti aliyoikunja mwenyewe, akaandika juu yake: korongo gani, mwinuko gani, kimeota juu ya gome, jiwe au udongo. Elimu yake ilikuwa kidato cha nne. Lakini ramani ya vigoga vya upande ule wa mlima, hiki kipo hapa, kile kimeishia pale, ilitoka kwenye magoti yake.

Na Daktari Filbert? Daktari alikuwa mwajiri wake, mtu wa Old Moshi kwa asili na wa ofisini kwa tabia. Msitu alikuwa anaupenda sana kwenye karatasi. Akipanda nusu saa anaulizia chai. Na hata vile alivyoletewa mezani hakujua kuvitunza. Winfrida alimwambia mara ngapi: Daktari, kigoga kinataka karatasi, kinataka kupumua, ukikifungia kwenye nailoni kinaoza kama mchicha. Daktari alikuwa anaitikia "sawa, sawa," huku anatafuta nailoni.

Basi mwaka wa kumi na moja Winfrida akakikuta kimoja ambacho hakikuwa kwenye kitabu chochote. Cha bapa, kijani cha kukaribia weusi, ukingo wake una vinyweleo vya rangi ya shaba. Kiliota juu ya mwamba mmoja tu, nyuma ya maji yanayochuruzika, kwenye korongo ambalo hata wakata kuni hawafiki. Akapeleka bahasha tano ofisini. Filbert akatazama kwa darubini, akatazama tena, akamwambia asimwambie mtu.

Wiki moja baadaye askari wa hifadhi wakamkamata Winfrida msituni na mfuko wa bahasha arobaini. Kibali kiko wapi? Kiko ofisini kwa Daktari, jina langu limo. Wakampigia Daktari simu mbele yake, sauti wazi, na Winfrida akasikia kwa masikio yake mawili: "Huyo simfahamu. Labda ni mmoja wa waliowahi kufanya usafi hapa."

Akamruka kimanga! Mchana kweupe! Kibali kikiwa kwenye droo, karibu na magoti yake. Askari wa watu wafanye nini? Walitenda kazi yao. Winfrida akakaa mahabusu miezi minne, mpaka Grace, karani wa ofisi ile, alipoiba nakala ya kibali na kuipeleka mwenyewe mahakamani. Na katika mwezi wa tatu, mama yake Winfrida, Bibi Dominika, aliyekuwa akiuliza kila asubuhi binti yangu amerudi, akafa. Akazikwa kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo. Kaka yake Sirili akatupa udongo mara mbili kaburini, mara ya kwanza kwa ajili yake mwenyewe, mara ya pili kwa niaba ya dada yake aliyeko ndani.

Hilo ndilo Winfrida hakulisamehe. Kazi inapotea, watu wanapata nyingine. Lakini udongo wa mama yako hautupwi kwa niaba. Padre alimwambia kwenye kitubio, mwanangu, hasira hasara. Winfrida akamjibu, ni kweli, Baba, na safari hii hasara itakuwa ya Filbert.

Jinsi ya kumtia hiyo hasara, Grace alikuwa amempa bila kujua. Walionana sokoni mwezi uliopita, na Grace akamsimulia kwa kicheko kwamba zile bahasha tano Daktari alizihamishia kwenye nailoni ili unyevu wake usiharibu darubini, na zote zimegeuka uji. Hana ushahidi tena. Ana picha mbili na mdomo wake. Asipokionyesha kigoga chenyewe, wenzake watasema alikitunga.

Kwa hiyo Ijumaa, siku moja kabla ya wageni, Winfrida alipanda.

Saa tatu na nusu za mlima, peke yake, na hakuhisi uchovu hata kidogo. Maji yalikuwa yanachuruzika vilevile. Kigoga kilikuwepo, kimetanda mwambani kwa ukubwa wa sinia la kulia, na kilikuwa kimependeza. Katika makorongo arobaini aliyoyakagua maishani mwake hakuwahi kukiona pengine. Kwa mazoea akapiga magoti na kuweka lenzi jichoni. Vile vinyweleo vya shaba, kila kimoja kimebeba tone lake. Kuna sheria aliyojiwekea tangu mwaka wa kwanza na kuwafundisha wengine: chukua kipande cha ukubwa wa kucha, mama mwache.

"Wewe huna kosa," akakiambia kwa sauti. "Umeponzwa na uliyejuana naye."

Akatoa kisu akakwangua. Robo saa ilimtosha. Alikwangua kingo, akakwangua katikati, akachokonoa kila ufa kwa ncha, mpaka mwamba ukabaki na michirizi myeupe. Chote akakibeba kwa viganja na kukitupa kwenye mfongo, ule mfereji wa wazee unaoteremsha maji mpaka kwenye migomba ya kijijini. Akaosha kisu. Na msidhani alilia. Alifurahi! Alishuka anajiona mwepesi, akifikiria Filbert atakavyosimama kesho mbele ya mgeni wake, amenyoosha kidole kwenye jiwe tupu, na yule mama kutoka Dar akimtazama kama mtu anavyomtazama mwongo. Jioni akapika mtori, akala bakuli mbili, akalala usingizi ambao hakuulala kwa miaka sita.

Jumamosi gari likaingia uani saa mbili asubuhi. Sirili alikuwa ameshapanga viti. Alishuka kwanza mama mmoja mfupi mwenye buti za kazi kweli, zimechakaa, naye akamwamkia Sirili kwa heshima: huyo ndiye Pamela. Akashuka mzee mwenye fimbo, Mzee Elimringi, baba mdogo wa Filbert. Winfrida akashangaa, mzee huyu wa nini katika safari ya msituni? Ndipo Filbert akashuka. Amekonda. Na mikononi, kwa viganja viwili, amebeba jani la sale.

Moyo wa Winfrida ukafanya pa!

Sale si jani la kuchezea. Ndilo linalopandwa mpakani mwa kihamba, ndilo linalosimama juu ya makaburi yetu. Mtu akikujia nalo amekuja kuomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito. Hata mwenye damu mkononi, akifika na sale, unampokea. Winfrida alikuwa amejiandaa kwa kila kitu, kwa uongo, kwa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, kwa zawadi ya kitenge. Kwa sale hakujiandaa.

"Shikamoo, Mzee," akasema kwa shida.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Huyu ana neno."

Filbert akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake nzuri. "Dada Winfrida," akaanza, "kama nilikukosea kwa namna yoyote ile..."

Fimbo ya Mzee Elimringi ikagonga ardhi. "Filbert! Jani hili halijui 'kama.' Kosa lako lina siku na lina saa. Litaje, au rudi garini utuache tunywe chai na wenye adabu."

Filbert akalitaja. Kwamba alipigiwa simu na askari, na kibali alikuwa nacho, na alisema simfahamu. Kwamba alitaka kigoga kiwe chake peke yake. Kwamba alisikia habari za msiba, akaona aibu kuja, na aibu ile akaifanya kazi ya miaka sita.

Utamu ulioje! Acheni niseme ukweli, Winfrida aliusikia utamu mpaka kwenye meno. Na hakuuharakisha.

"Sikusikia vizuri," akasema. "Msiba wa nani?"

"Wa mama yako."

"Mama yangu alikuwa hana jina?"

Filbert hakulijua. Akamtazama baba yake mdogo, akamtazama Sirili.

"Dominika," Winfrida akasema. "Hebu sema. Bibi Dominika alikufa anauliza binti yake yuko wapi, na mimi Filbert nilijua aliko."

Akasema yote, neno kwa neno, na mwishoni sauti ilimkatika. Winfrida akasubiri kidogo tena, kwa sababu alikuwa na haki ya kusubiri, kisha akanyoosha mkono na kulipokea jani. Sirili akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la kahawa.

Hapo Pamela, aliyekuwa ametulia muda wote, akasogeza kiti. Akaeleza kwamba andiko la Filbert lilipita mikononi mwake. Alipoomba sampuli aliletewa uji kwenye nailoni, lakini ndani ya uji ule kulikuwa na kipande cha gazeti chenye mwandiko: korongo, mwinuko, juu ya jiwe lenye maji. Mwandiko safi, akasema, nilijua si wake, maana mwandiko wake naujua. Akalirudisha andiko. Akamwambia Filbert hakitaandikwa kitu mpaka aliyekikusanya apatikane na jina lake litangulie.

"Kwa hiyo bado hakina jina, dada," Pamela akasema. "Duniani kote hakijaandikwa. Kitaandikwa kwamba umekikusanya wewe. Na aliyekigundua ndiye anayechagua kiitwe nani. Filbert amekubali, na hata asingekubali ningefanya hivyohivyo. Tukiite nani?"

"Dominika," Winfrida akasema.

Lilimtoka lenyewe. Hakufikiri. Lilitoka kwa sababu lilikuwa mdomoni tayari, na akaona linavyopendeza, mama yake aliyezikwa bila yeye ameandikwa kitabuni ambapo hakuna wa kumfuta. Pamela akaliandika kwenye daftari, akauliza kama ni kwa k au kwa c. Kisha akafunga daftari na kusimama. "Basi twende. Jina bila mmea wenyewe halisimami, ni lazima tuwe na sampuli. Nahitaji kipande kidogo tu."

Sasa ndipo Winfrida alipokumbuka! Fikirieni, tangu jani liingie uani alikuwa hajalikumbuka korongo hata mara moja.

Angesema pale pale. Wewe na mimi tungesema, au tunajidai tungesema. Lakini jani la sale lilikuwa bado mkononi mwake, Mzee Elimringi anamtazama kwa upole kama mwana aliyetenda vema, Sirili anafuta macho. Atasemaje? Akaingia ndani, akavaa buti, akachukua lenzi. Na njia nzima, saa tatu na nusu zile, alikuwa anajiambia huenda kimebaki kidogo. Kwenye ufa. Hata punje. Kigoga ni kitu kigumu kufa, punje moja inatosha. Lakini alijua pia jinsi alivyozichokonoa zile nyufa. Kazi yake yeye siku zote ilikuwa ya uhakika, alikuwa habakizi.

Mzee alibaki kijijini. Walipanda watatu, Filbert nyuma akihema, na safari hii hakuulizia chai.

Mwamba ulikuwa mtupu.

Pamela akatazama kulia, akatazama kushoto. "Ni hapa?"

Filbert akasogea mpaka kwenye maji, akapitisha kidole juu ya ile michirizi myeupe. Akaifuata mmoja mmoja. Mjinga hakuwa. Akageuka akamtazama Winfrida usoni, akaelewa yote, na Winfrida akaona kwamba ameelewa. Akajiandaa kupokea kelele. Hata aliitamani.

"Ni mawe," Filbert akamwambia Pamela. "Mvua za juzi zimeporomosha mawe kutoka juu, yamekwaruza. Huwa inatokea."

Kwa sauti ile ile. Laini, tulivu, bila kukwama, sauti iliyosema kwenye simu huyo simfahamu. Mtu huyu alikuwa hajui kusema ukweli hata anapotenda wema! Na sasa amempa yeye huo uongo, zawadi, akae nao, amshukuru mpaka kaburini. Winfrida akaona heri arudi mahabusu kuliko kuwa na deni la shukrani kwa Filbert.

"Mvua gani?" akafoka. "Mvua inashika kisu? Nimekikwangua mimi! Jana, saa nane, kwa mikono yangu. Nilitaka uje usimame hapa uaibike!"

Maji yakaendelea kuchuruzika. Pamela akaketi taratibu juu ya gogo, bahasha tupu mkononi.

"Chote?" akauliza.

"Chote."

"Ulikipeleka wapi?"

Winfrida akaonyesha kwa kidevu. Kabla hajashusha kidevu, Filbert alishaingia kwenye mfongo na viatu vyake, ameinama, anapapasa mawe ya chini kama kipofu.

"Toka!" Winfrida akapiga kelele. "Toka humo, unakanyaga! Hukijui! Wewe hata ukikishika hukijui!"

Akamsukuma kando, akaingia yeye, akapiga magoti ndani ya maji ya mlima yanayouma hadi mfupani. Akaanza kuinua jiwe baada ya jiwe. Kila palipokuwa na ujani alibandua kidogo, akakiweka kwenye lenzi, akatazama. Hiki ni cha kawaida, kipo kila mfongo. Hiki ni cha gome, kimeanguka. Hiki ni cha mita elfu mbili. Filbert alisimama ukingoni, maji yanamtoka viatuni, hajui afanye nini na mikono yake. Pamela alimwita mara mbili kwamba ukungu unashuka, warudi. Winfrida hakumsikia, au alimsikia. Aliteremka na mfongo kwa magoti, jiwe kwa jiwe, akitaja kila alichokiinua. Vyote alivijua, na hakuna hata kimoja kilichokuwa chenyewe.